Chelimo na Gari Lililojifunga Breki

Ng'ombe anapotaka dume hangoji mtu. Asubuhi utamkuta amekataa kula, analia ovyo na kuwapanda wenzake. Asipopata mbegu kufikia jioni ya siku hiyo, basi, mwenye ng'ombe atasubiri wiki tatu nyingine huku akimlisha bure. Kazi ya Chelimo, pale Boito, katika eneo la chai la Konoin, na vilima vinavyoizunguka, ilikuwa kufika kabla ya saa hiyo kupita. Alibeba mbegu za madume ya ng'ambo katika mirija myembamba, ndani ya mtungi wa baridi kali uliofuka moshi mweupe kila ulipofunguliwa. Wakulima walimwita Daktari. Yeye aliwakumbusha kila mara kwamba si daktari, ni mpandishaji tu. Walitikisa vichwa kukubali, kisha wakaendelea kumwita Daktari.

Kwa miaka mingi alizunguka na pikapu kuukuu iliyokuwa ya buluu zamani. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba. Kuiwasha kulitaka mteremko, au watu wanne wenye moyo. Lakini pikapu hiyo ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeifikiria mpaka ilipokosekana, nayo ni kelele. Ilipoanza kupanda kilima, mngurumo wake ulisikika ng'ambo ya bonde, na mkulima aliyekuwa akichuma chai aliweka kikapu chini, akaenda kumwingiza ng'ombe kizimbani. Chelimo alipofika alikuta ng'ombe amebanwa na maji ya moto yako kwenye ndoo. Alifanya kazi yake, akanywa chai kikombe kimoja akiwa amesimama, akaenda zake.

Halafu alasiri moja ya mvua, akiteremka kuelekea mtoni, alikanyaga breki na pedali ikazama mpaka sakafuni kama mguu katika uji. Alipiga breki mara ya pili na ya tatu. Daraja lilikuwa likija. Hakuwa na la kufanya ila kukata usukani kushoto, akaingia katika shamba la chai la jirani. Michai ilimpokea, ikavunjika, ikampokea tena, na mwishowe pikapu ikasimama imeinama kama mzee anayetafuta kitu alichoangusha. Mumewe alipokuja mbio kwa miguu, alimkuta ameketi ukingoni mwa barabara akitoa majani kwenye nywele. Mwenye shamba alikuwa tayari amefika na anazungumzia michai yake.

Mumewe huyo, Kimeli, alikuwa naibu mwalimu mkuu aliyestaafu, na watu wote walimwita Mwalimu, hata mkewe. Tangu jioni ya ajali ile alianza kusoma mambo ya magari katika simu yake.

Ieleweke kwamba Mwalimu Kimeli alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Ndiye aliyeleta Boito taa ya sola inayojiwasha mtu akipita, ambayo iliwaka usiku kucha kwa sababu mbuzi hawalali mahali pamoja. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na Chelimo, aliyeishi na vidonda kadhaa vya aina hiyo, alikuwa na wasiwasi. Lakini pikapu ilikuwa imekufa, bonasi ambayo kiwanda kiliwalipa kwa chai yao mwaka huo ilikuwa nzuri, na ng'ombe hawakuwa wameacha kushikwa na joto la kutaka dume.

Walikwenda yadi moja ya magari Kericho. Kijana wa mauzo, Eliakim, aliyevaa viatu vilivyochongoka ambavyo havijawahi kuona matope, aliwaonyesha gari dogo la rangi ya fedha lililotoka Japani.

"Hii ni haibridi," alisema. "Inatumia petroli na betri. Ukiwa unateremka inajichaji. Iko na kamera hapa mbele. Ikiona kitu barabarani, inashika breki yenyewe."

"Yenyewe?" aliuliza Mwalimu Kimeli, na Chelimo aliisikia sauti ya mumewe ikilainika.

"Yenyewe, Mwalimu. Hata dereva akisinzia."

Chelimo aliinama, akatazama chini ya gari. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi kama la bata.

"Barabara ya kwangu iko na mawe," alisema. "Na matope. Hii ikiharibika huko Boito, nani ataitengeneza?"

Eliakim alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama, hizi haziharibiki."

Walilijaribu kwenye lami, mbele ya yadi, mahali ambapo hata toroli lingeenda vizuri. Wakalinunua.

Kero ya kwanza ilianza kesho yake asubuhi. Chelimo alibonyeza kitufe cha kuwasha, na mwanamke akamsalimu kwa Kijapani. Alisema sentensi ndefu, kwa adabu, kisha akanyamaza. Jioni akasema tena. Alisema kila gari lilipowashwa, na hakuna aliyejua anataka nini. Mwalimu Kimeli alimwelekezea simu ili itafsiri, na simu ikajibu kwamba kadi haikuwekwa. Kadi gani? Simu haikusema. Wakatafuta kila mahali pa kuweka kadi. Walipata kishimo kimoja, wakachomeka kadi ya maktaba ya zamani ya Mwalimu, na kadi hiyo ikakwama humo. Mwanamke akaendelea kudai kadi yake.

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijapani pia. Mwalimu alikisoma ukurasa kwa ukurasa kupitia simu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akimletea mkewe habari mezani.

"Inasema hapa, 'Jicho la mbele likichoka, osha uso.'"

"Uso wa nani?"

"Nafikiri ni wa kamera."

Na kweli ilikuwa kamera. Katika barabara za Konoin wakati wa mvua, matope hayangoji kupaka kioo. Kila Chelimo aliposafiri umbali wa kutoka nyumbani hadi soko, taa ya manjano iliwaka na gari likaanza kulia kama kifaranga. Alishuka, akafuta kioo kwa leso, akapanda, akasalimiwa kwa Kijapani, akaendelea, na kabla ya kona ya pili kifaranga kilianza tena.

Kamera ikiwa safi, ndipo taabu ilipozidi. Barabara za huko zimepita katikati ya michai, nyembamba kiasi kwamba matawi hugusa vioo pande zote mbili. Gari liliyaona matawi kama hatari. Liliwaona wachumaji wenye vikapu mgongoni, waliosimama pembeni kumpisha, kama hatari. Liliwaona ng'ombe kama hatari, na Chelimo alifanya kazi ya ng'ombe. Alikuwa anakwenda taratibu, hana neno na mtu, mara gari likajifunga breki kwa nguvu, kifua chake kikagonga mkanda, na mtungi ukagonga kiti. Wachumaji walicheka. Kuna siku alisimamishwa mara nyingi sana katika kilomita moja hata mama mmoja akamwuliza kwa dirisha kama anajifunza kuendesha.

Halafu kulikuwa na kile kilima cha kwenda kijiji cha Mogogosiek. Pikapu ilikuwa ikikipanda kwa kelele na matusi, magurudumu yakirusha matope mpaka juu ya paa, lakini ilifika. Gari jipya lilikuwa na akili ya kuzuia utelezi. Gurudumu lilipoanza kuteleza, gari lenyewe lilipunguza nguvu. Chelimo alikanyaga mafuta, gari likakataa. Alikanyaga zaidi, likakataa kwa adabu zaidi. Lilisimama katikati ya kilima likilia kifaranga chake, huku dereva wa trekta aliye nyuma akiuliza kuna nini mbele.

"Kuna kitufe," Mwalimu alimwambia jioni. "Ukikibonyeza, inaacha hiyo tabia."

"Na kwa nini inakuja na tabia ambayo lazima niikataze?"

"Ni ya barafu, Mama Cheptoo. Kwao kuna barafu," alisema Mwalimu, akimwita kama kawaida kwa jina la binti yao.

"Na kwetu kuna nini?"

Mwalimu alirudi kwenye kitabu chake.

Kitufe kilikuwepo kweli, na kilisaidia. Lakini gari lilipozimwa na kuwashwa tena lilisahau yote, na Chelimo, aliyekuwa akizima na kuwasha gari boma hadi boma siku nzima, alibonyeza kitufe hicho mpaka kidole kikamwuma.

Kimya cha gari nacho kilikuwa adhabu. Gari lilipokwenda kwa betri halikuwa na sauti kabisa. Mbwa walilala barabarani hawakuamka. Wakulima hawakusikia mtu akija. Alifika, akapiga honi, akasubiri, akamwita mwenye boma anayechuma chai upande wa pili wa kilima, akasubiri tena ng'ombe akamatwe. Mzee mmoja jirani, Aron, alizunguka gari hilo mara mbili akilitazama chini na juu.

"Taktari," alisema, kwa Kiswahili chake chenye Kipsigis ndani, "hii kari iko na mashini kweli?"

Haki lazima isemwe pia. Petroli haikuisha. Chelimo alizoea kupita kituo cha mafuta kila siku ya pili, na sasa alikuwa akipita bila kusimama mpaka mhudumu akadhani wamekosana. Kiti hakikumwumiza mgongo, na mvua haikuingia ndani. Na kuna asubuhi moja ambayo hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye michai, mweupe kama maziwa, naye alikuwa akikimbilia ng'ombe wa mtu aliyepiga simu mapema. Ghafla gari likajifunga breki. Alilitukana kwa Kipsigis, tusi ambalo mke wa mwalimu hapaswi kulijua. Alishuka akiwa na leso ya kufuta kamera. Mbele ya boneti, hatua chache tu, kulikuwa na tela la kubebea majani ya chai limesimama katikati ya barabara, halina taa, trekta limeharibika na dereva amekwenda kutafuta fundi. Chuma cha tela kilikuwa usawa wa kifua chake. Chelimo alirudi kwenye kiti, akakaa na mikono imeshika usukani wa gari lililozimika. Kilichomkera ni kwamba gari lilikuwa sahihi. Aliamua asimwambie Mwalimu, kwa sababu Mwalimu angeitoa habari hiyo kanisani kama ushuhuda.

Ndipo likaja jambo la ng'ombe wa Nyabate.

Nyabate alikuwa mjane kutoka upande wa Kisii. Mumewe alikuwa mfanyakazi katika shamba kubwa la chai, na kabla hajafa walinunua kipande kidogo cha ardhi ng'ambo ya shamba hilo. Alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na ng'ombe huyo alikuwa amemsumbua. Mara mbili alikuwa ameshikwa na joto usiku na asubuhi dalili zimekwisha, hakuna aliyemwona. Mchinjaji alishapita hapo kumtazama. Safari hii Nyabate alikuwa amelala zizini kabisa kumchunga, akampata. Alipiga simu kulipopambazuka.

"Daktari, leo anataka dume, amekubali kusimama nikimbonyeza mgongo. Nimemwona na macho yangu. Usichelewe, tafadhali."

"Nitakuja saa tisa alasiri, Mama, ndiyo saa ya mbegu kwa aliyeonekana asubuhi. Mpatie maji na umuache atulie."

Chelimo alifika kabla ya saa tisa. Mvua ilikuwa imeanza. Aliegesha kando ya jiko, akashuka, akabonyeza rimoti, gari likajifunga. Hakulifunga kwa kuogopa wezi. Ilikuwa mazoea tu, na mbuzi wa hapo walikuwa wajuzi wa milango. Alikwenda kumtazama ng'ombe kwanza, akaingiza mkono, akaona yuko tayari kabisa, akarudi kuchukua mtungi.

Alibonyeza rimoti. Gari halikujibu.

Akabonyeza tena, akaisogeza karibu na mlango, akaipangusa kwenye sketi, akaipuliza. Taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikiwaka kwenye rimoti haikuwaka. Ndani ya gari, nyuma ya kiti cha abiria, mtungi ulikuwa umefungwa mkanda kama mtoto mtulivu, na alikuwa anauona.

Alimpigia mumewe.

"Betri ya rimoti imekufa," alisema Mwalimu, na kurasa zikasikika zikifunuliwa. "Ngoja. Ukurasa huu. 'Ndani ya ufunguo kuna ufunguo.'"

"Sema vizuri."

"Kuna ufunguo wa chuma, mdogo, umefichwa ndani ya hiyo rimoti. Kuna kidude pembeni. Kisukume, uvute."

Alisukuma, akavuta. Kulikuwa na nafasi ya ufunguo wa chuma, imechongwa vizuri kabisa kwa kipimo chake. Ufunguo haukuwemo. Labda ulibaki Japani, labda Mombasa, labda Eliakim aliutumia kuchokonoa meno.

"Haupo," alisema.

"Angalia tena."

"Mwalimu, natazama shimo."

Kisha Mwalimu akasema kwamba betri yenyewe ni ile ya duara, bapa, kama kitufe cha koti, na pengine duka la karibu linayo. Nyabate alimtuma jirani kwa pikipiki mpaka dukani. Alirudi na betri za redio, betri za tochi, na betri moja ya saa ya mkononi iliyokuwa ndogo kama punje ya dengu. Mwenye duka alikuwa amesema wachague. Mvua iliongezeka. Ng'ombe alilia kizimbani. Nyabate alisimama chini ya paa la jiko akiwa amekunja mikono, akimtazama ng'ombe wake, na kutazama huko kulimchoma Chelimo kuliko kama angelalamika.

"Mama," Chelimo alisema, "nipatie mchi."

"Wa kutwanga?"

"Huo huo."

Alichagua kioo kidogo cha nyuma, cha pembeni. Pigo la kwanza liliruka kama mpira na kumwuma mabega. Katika la pili aliweka roho yake yote: kadi ya maktaba, kifaranga, kilima cha Mogogosiek na viatu vya Eliakim. Kioo kikamwagika kama mahindi. Akaingiza mkono, akafungua mlango kwa ndani.

Gari likapiga yowe. Taa zote ziliwaka na kuzima, honi ikalia bila kupumua, na bonde zima likasikia, lile bonde ambalo kwa miezi kadhaa halikumsikia akija. Majirani walitoka na fimbo wakidhani ni wizi. Ng'ombe mweusi aliruka, akagonga mbao za kizimba, akataka kupita juu. Hakuna aliyejua namna ya kulinyamazisha. Mwalimu, ambaye bado alikuwa kwenye simu, alisema kwa sauti ya mbali kwamba linyamazishwe kwa rimoti.

Chelimo alifanya kazi katikati ya yowe hilo. Aliyeyusha mrija katika maji ya vuguvugu, akiuhesabia moyoni kwa sababu hakuweza kusikia hata sauti yake. Majirani watatu walimshika ng'ombe kichwa na mkia. Alikuwa akitetemeka ngozi nzima, na Chelimo alijua kwamba ng'ombe aliyeogopeshwa hivyo hushika mimba kwa shida. Alimaliza, akanawa mikono, akakataa chai. Gari halikuweza kuwaka bila rimoti, kwa hiyo aliliacha hapo likilia, akapanda nyuma ya pikipiki ya jirani, mtungi amekumbatia kifuani, mvua ikimpiga usoni mpaka Boito.

Alipoingia nyumbani, Mwalimu alikuwa mlangoni na taulo.

"Usiniambie kitu cha kitabu," Chelimo alisema.

"Sitasema."

"Nimeendesha gari miaka yote hii. Nimesukuma pikapu kwenye matope nikiwa na mimba ya Cheptoo. Sijawahi kuomba ruhusa ya gari kuchukua vitu vyangu. Wewe ulitaka gari ya kuonyesha watu."

Mwalimu alikaa kwenye kiti.

"Sikutaka kuonyesha watu," alisema. "Siku ile nilikimbia kutoka hapa mpaka mtoni. Mtu aliniambia pikapu yako imeingia shambani, hakuniambia kama uko hai. Nilitaka gari ambayo inashika breki yenyewe, kwa sababu ile ingine ilikuwa haishiki hata ukiomba."

Chelimo alifuta uso kwa taulo muda mrefu kuliko maji yaliyokuwepo. Hapo ndipo alipomsimulia habari ya tela kwenye ukungu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangilia. Aliuliza tu kama tela hilo lilikuwa na taa, na alipoambiwa halikuwa nayo, alisema mambo kuhusu wenye tela ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Gari lilikaa kwa Nyabate siku kadhaa, limefunikwa turubai, kuku wakilala chini yake. Shemeji yake Nyabate, Bogonko, alikuwa fundi wa magari katika mji mdogo wa Chepilat, naye alikuja na betri ya rimoti na sanduku la vyombo. Alifungua boneti, akatazama nyaya za rangi ya chungwa zilizoandikwa onyo la umeme, akaifunga polepole.

"Daktari, hapa sitakudanganya," alisema. "Breki nitakutazamia, tairi nitakutazamia. Hii betri kubwa siigusi. Mimi niko na watoto."

Kioo cha kile kidirisha hakikupatikana Sotik wala Kericho. Kiliagizwa Nairobi, na kwa muda wote huo Chelimo alizunguka na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi, ikipiga kelele za upepo, na baadhi ya wakulima wakasema afadhali, sasa wanamsikia.

Wiki tatu baada ya siku ya yowe, Nyabate alipiga simu.

"Daktari, amerudi kwenye joto tena."

Chelimo alifumba macho. Alijua tangu siku ile, lakini kujua si sawa na kuambiwa. Alikwenda jioni hiyo, akaacha gari barabarani, akatembea na mtungi mpaka kizimbani. Hakumtoza Nyabate kitu. Ng'ombe alisimama kimya akicheua, na safari hiyo alishika mimba.

Lililommaliza Mwalimu Kimeli halikuwa kioo. Mvua zilipokwisha na vumbi likaanza, taa nyekundu iliwaka ambayo leso haikuweza kuifuta. Walikwenda kwa fundi mmoja wa kompyuta Kericho, akachomeka waya, akasoma skrini, akasema betri kubwa inachoka. Ilikuwa na umri, alisema, ilitumika Japani miaka mingi kabla ya kuja huku. Bado ingeenda kwenye lami mwaka mmoja au miwili kwa mtu asiyeisumbua. Kuibadilisha kungegharimu bei ya ng'ombe wawili wa gredi, wa maziwa mengi, wenye mimba. Mwalimu alimwuliza kama kuna anayeweza kuitengeneza badala ya kuibadilisha. Fundi alisema yuko mtu Nairobi, lakini foleni yake ni ndefu.

Waliketi ndani ya gari nje ya gereji. Mwanamke wa Kijapani alidai kadi.

"Hili gari si baya," alisema Mwalimu.

"Si baya," alisema Chelimo. "Ni la mtu mwingine."

Na mtu huyo alipatikana. Karani mmoja wa Kericho, anayekaa kando ya lami na kufanya kazi kando ya lami, alilinunua kwa hasara yao. Walimwambia ukweli wote, hata wa betri, na Chelimo alimwonyesha kadi ya maktaba iliyokwama. Karani aliridhika. Mpaka leo analisifu, na Chelimo akikutana nalo mjini, linang'aa, halina hata tone la tope, hana uchungu nalo.

Kwa fedha hizo, na bonasi iliyofuata, walinunua gari kuukuu lililoinuka juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye ufunguo wa chuma na madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Linakunywa petroli kama lililotoka jangwani. Mhudumu wa kituo amerudi kuwa rafiki. Chelimo hulalamika kila akijaza, na analalamika kwa haki, kwa sababu sehemu kubwa ya mapato yake inaishia kwenye tangi hilo. Hakuna aliyemwuzia gari lisilonywa mafuta, linalopanda kilima cha Mogogosiek, ambalo Bogonko anaweza kulifungua bila kuogopa kufa. Anasema gari hilo halijatengenezwa bado, au limetengenezwa na hawakumbuki kulileta Boito. Mwalimu Kimeli hupeleka breki zake kukaguliwa Chepilat kila mwezi, lilie lisilie, na hukaa hapo kwenye benchi mpaka amalize kumwona Bogonko akizifunga.

Juzi Chelimo alikuwa akivaa buti mlangoni, simu ya mkulima ikiwa imeshapigwa, Mwalimu akamwita mezani.

"Mama Cheptoo, kuna magari ya stima tupu sasa, umeme peke yake. Haina injini kabisa. Unachaji nyumbani kama simu."

Kulikuwa kumenyesha usiku kucha, na stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Simu ya Mwalimu yenyewe ilikuwa imebakia na chaji kidogo sana.

"Utachaji na nini?"

"Nimefikiria sola," alisema, akavuta kiti karibu. "Ukipanga paneli kwa paa la zizi..."

Chelimo alichukua mtungi, akaufunga mkanda kwenye kiti cha nyuma. Ng'ombe alikuwa Mogogosiek, na saa ilikuwa inakwenda. Mwalimu alikuwa bado anaeleza habari ya paneli Chelimo alipowasha injini.